Kwa nini kebo ya nyumbani inahamisha mafaili polepole kuliko waifai?

PichaIlazo:

Ndugu wanajukwaa, habari za jioni. Mimi na mdogo wangu tunapiga picha na video za harusi, sendofu na mahafali hapa Dodoma, na uhariri wote tunaufanyia nyumbani, Ilazo. Kompyuta ya kwanza iko sebuleni, inatumia Windows 11 na diski ya SSD (ile isiyo na sehemu inayozunguka), na ndiyo tunayoingizia kadi za kamera tunaporudi ukumbini. Ya pili iko katika chumba cha uani, inatumia Windows 10, na ina diski kubwa ya kuzunguka ya terabaiti 4 ambayo ndiyo ghala letu la kazi zote zilizokamilika.

Mwaka huu tulimwita fundi akatuvutia kebo ya kama mita 30 kutoka kwenye ruta ya sebuleni, kupitia juu ya dari, hadi uani. Aliipima mbele yetu kwa testa, na taa zote nane ziliwaka moja baada ya nyingine kwa mpangilio. Tatizo ni kwamba ninapotuma kazi kutoka sebuleni kwenda uani, Windows inaonyesha megabaiti 2 na nukta kidogo kwa sekunde, mara inashuka hadi sifuri, inatulia, kisha inaanza tena. Harusi moja kwetu ni kama gigabaiti 60, kwa hiyo kuihamisha kunachukua karibu saa saba. Kinachonishangaza zaidi ni kwamba nikichomoa kebo na kuiunganisha kompyuta ya uani kwa waifai, napata megabaiti 4 hadi 5, ingawa kuna kuta tatu za tofali katikati. Kurudisha faili kutoka uani kuja sebuleni kwa kebo ni haraka kidogo kuliko kupeleka, na sijui kama hilo lina maana yoyote.

Nimekwisha kujaribu kununua kifurushi kikubwa zaidi cha intaneti, lakini hakuna kilichobadilika. Kwa sasa mdogo wangu anabeba diski ya nje kati ya vyumba viwili, na utaratibu huo unanitia hofu, kwa sababu mwezi uliopita tulifuta kadi ya sendofu ya watu tukidhani nakala imekwisha kufika uani, kumbe bado ilikuwa mkononi mwake. Tuliiokoa kwa bahati. Naomba msaada wa kujua tatizo liko wapi kabla sijanunua kifaa kingine.

MwalimuTehamaKondoa:

Dada, pole kwa usumbufu. Nianze na kifurushi, kwa kuwa hapo ndipo watu wengi wanapopotezea fedha zao. Faili linalotoka sebuleni kwenda uani halitoki nje ya nyumba yako: linaingia kwenye ruta kupitia tundu moja na kutokea tundu la pili, na hata ukiichomoa laini ya intaneti kabisa, safari hiyo itaendelea vilevile. Kasi unayomlipa mtoa huduma inahusu safari ya kwenda nje ya nyumba na kurudi, basi.

Pili, tuweke vipimo sawa. Kasi ya mtandao hutajwa kwa megabiti, na Windows inaponakili faili huonyesha megabaiti, ambapo baiti moja ni biti 8. Ruta nyingi za bei nafuu zina matundu ya megabiti 100, na ukigawanya kwa 8 unapata megabaiti 12.5. Ukiondoa sehemu inayoliwa na anwani na vichwa vya pakiti (vile vipande vidogo ambavyo data hukatwa ili isafiri), kinachobaki kwenye nakala halisi ni megabaiti 11 au zaidi kidogo. Kwa hiyo, hata kama kila kitu kingekuwa kizima, huenda ruta yako isingekupa zaidi ya hapo. Wewe unapata 2, na hiyo ni dalili ya ugonjwa. Usiichukulie kuwa ni udogo wa kifaa.

Naomba ufanye vipimo vitatu na utuletee majibu. Kwanza, kwenye kompyuta ya uani fungua mipangilio ya mtandao, nenda kwenye hali ya muunganisho wa kebo, na usome kasi iliyoandikwa pale: ni 10, 100 au 1000? Pili, kabla ya kunakili na baada ya kunakili faili la gigabaiti 1, fungua dirisha la amri uandike netstat -e, kisha usome mstari wa makosa, upande wa pakiti zilizopokelewa. Tatu, beba kompyuta ya uani uilete sebuleni, uiunganishe kwenye ruta kwa kebo fupi ya kiwandani, na urudie nakala ileile. Kama unaweza, weka pia programu ya iperf3 kwenye kompyuta zote mbili. Upande mmoja unaandika iperf3 -s, upande wa pili unaandika iperf3 -c ukifuatiwa na anwani ya kompyuta ya kwanza. Programu hiyo hurusha data kutoka kumbukumbu ya kompyuta moja kwenda kumbukumbu ya nyingine bila kugusa diski, kwa hiyo inautenga mtandao peke yake, na ukishapata namba yake hutalazimika kubishana na mtu kama tatizo ni diski au ni waya.

Mtembezi_Singida:

Mimi nashuku joto. Dari chini ya bati kwa jua letu la Oktoba linakuwa kama tanuri, na kebo inapata shida. Pia nenda kwenye mipangilio ya kadi ya mtandao uilazimishe iwe megabiti 100 kwa njia mbili, yaani kutuma na kupokea kwa wakati mmoja, kwa sababu kule kujichagulia yenyewe ndiko kunakoleta matatizo.

MwalimuTehamaKondoa:

Ndugu yangu wa Singida, hoja ya joto ina ukweli ndani yake, kwa kuwa upotevu wa ishara kwenye shaba huongezeka joto linapopanda, lakini kwa kebo ya mita 30, wakati kikomo cha kawaida ni mita 100, upotevu huo bado ni mdogo mno kueleza kasi inayoshuka hadi sifuri. Dada anaweza kulithibitisha hilo kwa kupima saa 11 alfajiri na kupima tena saa 8 mchana.

Kuhusu kuilazimisha kadi, namsihi dada asifanye hivyo. Upande mmoja ukilazimishwa na ruta ikabaki inajichagulia, ruta haipati jibu la maelewano, kwa hiyo hutambua kasi tu, na kwa kutokujua mengine hujiweka katika hali ya kusema na kusikia kwa zamu, ilhali kompyuta inasema na kusikia kwa wakati mmoja. Matokeo yake ni migongano isiyokwisha na kasi ya kusikitisha, na taa za ruta zitaendelea kuwaka kana kwamba mambo ni mazuri. Isitoshe, gigabiti kwenye kebo ya shaba haiwezi kufanya kazi bila maelewano hayo. Nimeiona hali hii katika maabara ya shule, tukahangaika nayo wiki nzima kwa sababu ya kompyuta moja tu iliyokuwa imelazimishwa na mtu aliyekuwa na nia njema.

PichaIlazo:

Mwalimu, shikamoo, na asante sana. Nimefanya vyote.

Kasi iliyoandikwa uani ni megabiti 100. Kabla ya kunakili, makosa ya kupokea yalikuwa 0, na baada ya gigabaiti 1 yalikuwa 3,118. iperf3 kupitia kebo ya dari ilitoa megabiti 19 kwa kupeleka uani, na 46 kwa kurudisha sebuleni. Kisha tuliibeba kompyuta ya uani hadi sebuleni, tukatumia kebo fupi iliyokuja na ruta: megabiti 94, makosa 0, na Windows ilionyesha megabaiti 11.2 bila kuyumba. Nilipima alfajiri na mchana kama ulivyoelekeza, na hakuna tofauti ya maana.

Nimempigia fundi, naye anasisitiza kwamba kebo ni nzima kwa sababu testa iliwasha taa zote nane. Hata mimi niliziona kwa macho yangu. Sasa sielewi, maana vipimo vinasema kebo na testa inasema siyo kebo.

FundiKebo_Nkuhungu:

Dada, testa haikukudanganya, ila umeiuliza swali dogo. Testa ya taa hupeleka umeme kidogo kwenye waya wa kwanza upande huu na kuangalia kama umetokea kwenye waya wa kwanza upande ule, kisha wa pili, hadi wa nane. Inajua kwamba waya haujakatika na haujabadilishana nafasi. Haijui kabisa waya upi umesokotwa na upi, na kwenye kebo ya mtandao msokoto ndio kila kitu.

Chukua konekta ya uani, ile plastiki inayoonyesha ndani iliyo kwenye ncha ya kebo, uishike ulimi ukiwa chini na nyaya zikielekea kwako, kisha uniandikie rangi kutoka kushoto kwenda kulia. Ubashiri wangu ni kwamba utakuta nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, kijani, nyeupe-bluu, bluu, nyeupe-kahawia, kahawia. Huo ni mpangilio unaopendeza machoni, kila rangi na mwenzake, na fundi ambaye hakufundishwa sababu huupanga hivyo pande zote mbili, testa ikampongeza.

Naomba nieleze kosa lake, kwa sababu nakutana nalo mara nyingi katika nyumba mpya za Dodoma na watu wanabadilisha ruta bure. Ndani ya kebo kuna nyaya 8 katika jozi 4, na kila jozi imesokotwa. Data haisafiri kwenye waya mmoja. Husafiri kwenye jozi: waya mmoja ukipanda, mwenzake unashuka, na kompyuta inayopokea hupima tofauti kati ya hizo mbili. Kelele inayotoka jozi ya jirani au kwenye waya wa taa ulio darini inaingia kwenye nyaya zote mbili kwa kiasi kilekile, kwa kuwa zimesokotana na zinapokezana nafasi njia nzima, na kompyuta ikichukua tofauti, kelele hiyo inajifuta yenyewe.

Sasa, vifaa vya mtandao vinajua jozi kwa namba za pini, yaani zile nafasi nane za nyaya kwenye konekta: 1 na 2 ni jozi, 3 na 6 ni jozi, 4 na 5 ni jozi, 7 na 8 ni jozi. Angalia 3 na 6, kwamba hazikai pamoja. Ukipanga rangi kwa kufuatana, pini ya 3 inapata nyeupe-kijani na pini ya 6 inapata bluu, nyaya mbili ambazo hazijasokotana hata mara moja katika mita 30 zote. Kila kelele inayoingia kwenye moja haiingii sawasawa kwenye nyingine, kwa hiyo haifutiki, na kelele kubwa kuliko zote ni ile ya kompyuta yenyewe inapotuma kupitia pini 1 na 2. Pakiti zinafika zimeharibika, kompyuta inazitupa, sebuleni wanazirudia, zinaharibika tena, hadi kasi inakufa.

Ndiyo maana pia ulipata 19 kwenda na 46 kurudi. Kwa megabiti 100 ni jozi mbili tu zinazotumika, na kwa kawaida kompyuta hutuma kwa pini 1 na 2, hupokea kwa 3 na 6. Uani inapotuma inatumia jozi ya chungwa, ambayo kwako ni nzima. Uani inapopokea inategemea jozi iliyotenganishwa. Ulisema hujui kama tofauti hiyo ina maana. Kwangu ndiyo iliyonifanya niandike jibu hili kabla hata sijaona rangi.

Dawa ni kukata konekta pande zote mbili na kukrimpu upya, yaani kubana konekta mpya kwa koleo lake, kwa mpangilio huu: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Usiifungue misokoto zaidi ya milimita 13 kutoka mwisho, na hakikisha ganda la nje la kebo linaingia ndani ya konekta na kubanwa, lisiachwe nyuma nyaya zikining'inia. Ukiwa na kisu mkononi, kwaruza waya mmoja kidogo. Ukiona weupe chini ya wekundu, basi hiyo ni alumini iliyopakwa shaba, ambayo inauzwa sana kwa sababu ni nafuu, inakatika upesi kwenye konekta na inapoteza ishara zaidi. Kwa mita 30 inaweza kukufaa kwa sasa, lakini usiijenge ndani ya ukuta.

PichaIlazo:

Kaka fundi, rangi ni zilezile ulizoziandika, moja baada ya nyingine, pande zote mbili. Nilizisoma mara mbili nikamwita mdogo wangu naye azisome.

Tumekrimpu upya leo mchana kwa koleo la kuazima. Konekta mbili za kwanza tuliziharibu, ya tatu ikakubali. Waya ni mwekundu hadi ndani, kwa hiyo kebo ni shaba. Matokeo ni megabiti 94 kwenda na 94 kurudi, na mstari wa makosa umebaki 0 hata baada ya gigabaiti 20. Windows inaonyesha megabaiti 11.3. Harusi ya gigabaiti 60 sasa ni saa moja na nusu badala ya saba. Nashukuru kwa moyo wote.

Swali linalobaki ni hili: kompyuta zote mbili zina kadi za gigabiti. Je, ninunue ruta mpya, au kuna njia nafuu?

Karani_Mpwapwa:

Huna haja ya ruta mpya. Nunua swichi ndogo ya gigabiti yenye matundu matano, yaani kisanduku cha kuunganisha kompyuta kwa kebo. Kebo ya kompyuta ya sebuleni na ile ya uani zote ziingie kwenye swichi, kisha kebo moja itoke kwenye swichi kwenda kwenye ruta kwa ajili ya intaneti. Mazungumzo ya kompyuta zako mbili yataishia ndani ya swichi bila kuigusa ruta. Gigabiti inatumia jozi zote nne kwa wakati mmoja, kwa hiyo ile kazi ya kukrimpu uliyoifanya leo ingekuwa ya lazima hata hivyo.

Ila ujiandae kwa jambo moja. Mtandao ukishakuwa mpana, kizuizi kinahamia kwenye diski. SSD ya sebuleni haitakuwa na tabu, lakini diski ya kuzunguka ya uani ina kasi kubwa kwenye njia za nje za sahani na inapungua kadiri inavyojaa kuelekea ndani, na ikiwa ni ya aina ile inayoandika njia zikipandiana kama mabati ya paa, inaweza kuanza vizuri na kuanguka ghafla baada ya makumi ya gigabaiti, kwa kuwa kurekebisha njia moja kunailazimu iandike upya na zile zilizoifunika. Ukiona hivyo, usirudi darini kukata konekta. Pima kwa iperf3 kwanza.

Vilevile, ukihamisha folda yenye maelfu ya vipicha vidogo vya programu ya uhariri, kasi itashuka hata kwenye mtandao mzuri, kwa sababu kila faili linahitaji kufunguliwa, kuandikishwa, kukaguliwa na programu ya kuzuia virusi na kufungwa. Yafunge kwanza katika faili moja la zip bila kuyabana, maana picha na video zimekwisha kubanwa tangu kwenye kamera, au tumia amri ya robocopy yenye /MT:16 ili mafaili kadhaa yasafiri kwa pamoja.

PichaIlazo:

Narudi na taarifa ya mwisho. Tumeinunua swichi na kuifunga jana. Uani sasa panasomeka gigabiti 1, na iperf3 inatoa megabiti 941. Nilipotuma harusi nzima, ilianza na megabaiti 112 kwa sekunde, ikakaa hapo kwa muda, kisha ikateremka hadi kati ya 85 na 90 na kubaki hapo, nadhani kwa sababu diski ya uani imejaa zaidi ya robo tatu. Ilichukua dakika 11 na sekunde kadhaa. Makosa ni 0.

Fundi aliyetuvutia kebo nimempelekea maelezo ya kaka wa Nkuhungu pamoja na picha ya konekta ya zamani. Alinipigia mwenyewe, akaniuliza maswali mengi kuhusu pini ya 3 na ya 6, na amesema kuna nyumba nyingine nne alizozifunga kwa mpangilio uleule, atakwenda kuzirekebisha.

FundiKebo_Nkuhungu:

Hiyo habari ya nyumba nne imenifurahisha kuliko megabiti 941. Mwambie kama hana konekta za kutosha apite kwangu. Na wewe, dada, andika rangi nane kwenye karatasi uibandike karibu na swichi, pamoja na urefu wa kebo na njia inakopita darini, ili atakayeishika siku nyingine asianze kubahatisha.

PichaIlazo:

Nimebandika tayari. Mdogo wangu ameongeza mstari wa chini kwa kalamu nyekundu: kadi haifutwi kabla ukubwa wa folda ya uani haujalingana na wa sebuleni.